Seva haijazimika, ni database inauawa! Acheni kusingizia umeme

Wadau, nina hasira, naomba mnisome mpaka mwisho.

SACCO yetu hapa Kampala ilinunua mfumo kwa pesa za wanachama. Kila mwisho wa mwezi, ripoti zikianza tu kutengenezwa, mfumo unaanguka. Fundi wa kampuni iliyotuuzia akipigiwa simu ana jibu moja: "Umeme wenu huo." Umeme gani? Nimeingia kwenye seva mwenyewe. Uptime, amri inayoonyesha mashine imewaka muda gani, inasema haijazimika kwa wiki kadhaa. Nikafungua dmesg, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo, jibu hilo hapo: memori iliisha, Linux inayoendesha seva ikaua postgres, yaani PostgreSQL, database yetu.

Linux hukubali kuahidi memori nyingi kuliko iliyopo. Programu zikija kudai zote kwa pamoja, kerneli, kiini cha Linux, inatafuta wa kuua, na kwa kawaida inamwendea anayekula zaidi. Kwenye seva ya database, huyo ni database yenyewe! Kwa hiyo programu ya ripoti inajaza memori, PostgreSQL inakufa. Hata ikiuawa prosesi (programu inayoendelea kufanya kazi) moja tu inayomhudumia mteja, PostgreSQL inakata miunganisho yote na kuanza kujirejesha. Wakati huo mama wa soko la Owino kasimama dirishani na kitabu chake cha akiba, anataka ada ya mtoto, anaambiwa mtandao unasumbua.

Dawa imo kwenye mwongozo wa PostgreSQL, bure kabisa. Weka vm.overcommit_memory, mpangilio wa Linux wa kuahidi memori, iwe 2, ombi la memori lililozidi likataliwe: query (ombi la data) moja inapata kosa, wengine wanaendelea na kazi. Overcommit_ratio, asilimia ya RAM inayoruhusiwa kuahidiwa, nayo ipangwe, maana huja ikiwa 50, na seva isiyo na swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) itaanza kukataa ikifika nusu ya RAM. Prosesi kuu ya PostgreSQL ipewe oom_score_adj, alama ya nani auawe kwanza, ya -1000 isiguswe, zile inazozaa zirudishwe 0. Ripoti zihamishiwe mashine nyingine.

Sisi tumekuta nini? RAM GB 8, max_connections (idadi ya juu ya miunganisho) 300, work_mem (memori ya kazi moja ndani ya query, kama kupanga data) MB 64. Zidisheni wenyewe: karibu GB 19, na query moja yaweza kuchukua work_mem zaidi ya mara moja. Mtu alilipwa kuweka namba hizi! Sasa wametuletea invoisi ya kuongeza RAM.

Hatulipi. Warekebishe kwa gharama zao, kabla ya mwezi huu kuisha. Aliyewahi kuibana kampuni ya namna hii kwa mkataba wa matengenezo, aniambie ni kifungu gani kilimsaidia.