Goti linalouma usiku: tulioguswa na saratani ya mfupa, tupeane uzoefu

Mwanzisha mada (Lamu)
Asalaam alaykum. Naanza mimi. Nilikuwa na miaka 19, beki wa timu ya mtaa hapa Langoni, goti la kushoto likaanza kuuma. Mchana nikicheza nalisahau. Usiku ndio wakati wake. Naamka saa nane nimelikumbatia.

Bibi akasema nimeteguka. Kila baada ya Isha alinikanda kwa mafuta ya simsim ya uvuguvugu, miezi mitatu. Mikono yake imeponya wengi mtaani, kwa hiyo simlaumu hata leo. Kilichonidanganya ni ile ahueni ya saa moja. Uvimbe ulipokuwa hauingii kwenye suruali, ndipo nikapigwa picha. Daktari kijana aliitazama, hakusema neno, akatoka kwenda kumwita mwenzake. Hapo nikajua si kuteguka.

Mombasa walitoa kinyama, wakapima, nikaambiwa ni osteosakoma. Ni saratani ya mfupa, ya nadra lakini kali. Hupenda vijana wanaorefuka, hupenda karibu na goti, na hukimbilia mapafu. Ndiyo maana walipiga picha ya kifua kabla ya kuugusa mguu. Nilidhani watakata siku ileile. Kumbe ni kemo (dawa kali za kuua saratani) kwanza, upasuaji, halafu kemo tena. Dawa moja ni nyekundu kama mabuyu ya Lamu, na mkojo nao unatoka mwekundu. Mpaka leo mabuyu hayapiti kooni.

Walikata juu ya goti. Sasa nina miaka 23, kifua kisafi, alhamdulillahi. Kitu ambacho hospitali hakuna aliyenifundisha ni kupanda boti pale Mokowe kwa magongo maji yakiwa yamepwa na ngazi zimeota utelezi. Kwetu gari haliji mlangoni, ni punda au miguu. Punda wa mjomba amekuwa mguu wangu wa tatu (au wa pili, sijui nihesabu vipi).

Nyie wenzangu?

Dada wa Malindi
Pole na hongera. Mdogo wangu alikuwa na 17, bega. Tulianza kwa kombe (aya za Qurani zinazoandikwa sahanini, zikaoshwa kwa maji ya kunywa), tukaenda kwa mganga, tukarudi kwenye kombe. Watu walisema husuda kwa sababu alikuwa wa kwanza darasani. Tulipofika hospitali mapafu yalikuwa yameshaingiwa. Alipata kemo mbili. Alikuwa akiniomba nimfunge kilemba nywele zilipotoka, asionekane na wenzake wa shule. Kombe sijutii, dua ni dua. Najutia kwamba hatukufanya vyote viwili kwa pamoja.

Mpita njia
Kwani kukandwa ndiko kunakoieneza?

Mwanzisha mada (Lamu)
Haikuletwa na kukandwa, wala na mpira. Daktari aliniambia tu uvimbe usiojulikana usiminywe, na mfupa ulioliwa huvunjika kirahisi.

Baba Kijana
Wa kwangu hakukatwa, walitoa kipande cha mfupa wakaweka chuma. Si kila mtu hukatwa, inategemea imefika wapi. Ila jiandaeni kwa nauli. Bima ililipa sehemu, lakini bima haikulipi kulala Mombasa wiki nzima ukisubiri damu ipande ndipo mtoto apewe dawa. Mashua yangu niliuza. Na jambo jingine, mnaoona haya: muulizeni daktari kuhusu uzazi KABLA ya kemo. Sisi tuliuliza baadaye.

Mshabiki
Kuna Mkanada, Terry Fox, alikatwa mguu kwa ugonjwa huuhuu mwaka 1977 akiwa na miaka 18. Mwaka 1980 alikimbia siku 143 kwa mguu wa bandia akichangisha pesa za utafiti, mpaka ulipomrudia mapafuni. Alifariki 1981.

Mwanzisha mada (Lamu)
Namjua. Mie kufika msikitini tu natoka jasho, haha.

Mama wa Shela
Mwanangu ana 15. Paja, wiki ya sita, analia usiku. Nimeambiwa anakua tu.

Mwanzisha mada (Lamu)
Mama yangu, huenda ni kukua kweli. Wengi huwa ni hivyo. Lakini wiki sita, mguu mmoja, usiku? Boti ya asubuhi, mwombee picha ya eksirei, na wakishapiga waombe mwondoke nayo mkononi. Leo usimkande. Mimi nitakuwa gatini tangu saa moja, utanijua kwa magongo.