Tupeane uzoefu: umemfanyaje kijana wako asome zaidi ya simulizi za kwenye simu?

Mwanzisha uzi, Ujiji:
Wakuu, habari za jioni. Binti yangu yuko kidato cha pili na anapenda kusoma. Ila ni simulizi za mapenzi tu, zile zinazorushwa WhatsApp sehemu kwa sehemu. Ikiisha moja, anadaka nyingine ileile kwa majina mapya. Kumnyang'anya simu sitaki. Nataka aonje na vingine. Wenzangu mmefanyaje?

Mwalimu, Kigoma mjini:
Dada, kwanza usimkejeli. Nafundisha Kiswahili sekondari. Mtoto akishaambiwa anachosoma ni takataka, hakuonyeshi tena anachosoma. Mimi huwauliza: humo ndani unampenda nani, na kwa nini? Anayefuata siri nampa riwaya ya upelelezi, anayefuata ugomvi wa kifamilia nampa tamthiliya. Darasani nawasomea kurasa chache kwa sauti, nakatisha pale mambo yanapochacha. Siku hiyo kitabu hakirudi kabatini, wanakigombania. Na kisichomwingia baada ya sura mbili, namruhusu akiache. Walimu wenzangu wengi hawaafiki hili, lakini mimi naliamini kabisa.

Mzazi, Tabora:
Wangu hadithi hataki, ni mpira tu. Tukaanza na kurasa za michezo gazetini, tukaenda kwenye wasifu wa wachezaji, kisha wasifu wa viongozi. Nilipomwambia Nyerere alisoma hapa Tabora Boys, na kwamba mwaka 1963, akiwa Rais, ilitoka tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, aliitafuta mwenyewe. Lugha ilimpa tabu, akaomba tusome wote wawili. Tunaendelea.

Mdau, Kasulu:
Huku shida ni vitabu vyenyewe. Mtaani kwetu kila nyumba imetoa kimoja, vijana wanabadilishana Jumamosi. Anayerudisha lazima amwambie mwenzake kwa nini akisome au asikisome. Wanasikilizana wao kuliko wanavyotusikiliza sisi.

Mdau, Kigoma:
Simu hiyohiyo itumieni. Mdogo wangu nilimtafutia makala za sokwe mtu wa Gombe, hapa jirani, ambako Jane Goodall alifika mwaka 1960 akawaona wakivua mchwa kwa vijiti. Sasa anasoma sayansi bila kusukumwa.

Mwanzisha uzi:
Asanteni sana. Mwalimu, hiyo ya kukatisha naanza nayo kesho usiku. Naomba unitajie riwaya za upelelezi zinazomfaa msichana wa miaka 15. Na anayejua zinakouzwa hapa Kigoma aseme, nitazifuata.