Mwanangu wa miaka 6 anaigiza kuvuta sigara, nimwambieje?

MamaWawili: Habari zenu wakuu. Juzi nimemkuta mwanangu uani, kakalia ndoo, kabana kijiti cha aiskrimu kwa vidole viwili. Anavuta, anafumba jicho moja, anapuliza, halafu anakung'uta majivu ambayo hayapo. Mjomba wake mtupu! Kaka tunaishi naye, kodi tunachangia, na kila jioni humtuma mtoto dukani: "Kaniletee mbili na kiberiti." Nikamwambia mtoto sigara inaua. Usiku hakulala, analia mjomba atakufa kesho. Naona nimeharibu. Nisaidieni.

Mzee Kobe: Fimbo mbili tu. Sisi tulichapwa tukanyooka.

FundiBaiskeli: Mzee wangu, mimi nilichapwa na bado nikavuta miaka 19. Nilianza kwa kutumwa hivyohivyo. Dada, komesha kwanza hiyo ya kutumwa dukani. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo mwenye duka naye ana kosa.

Ticha wa Awali: Umri huo ukimwambia kansa hakuelewi, mwonyeshe. Chukua chupa ya plastiki, toboa chini, ziba kwa kidole, jaza maji. Toboa kifuniko, chomeka sigara, kwa ndani weka pamba nyeupe. Washa, achia kidole. Maji yakitoka chupa inavuta moshi, na pamba inageuka rangi ya chai. Fanyia nje, uwashe wewe, mtoto akae mbali na moshi maana nao unadhuru, hasa mwenye pumu. Na usimfanye mjomba aonekane mtu mbaya. Mwambie kuna kitu kinaitwa nikotini, mwili ukikizoea unakidai, ndiyo maana kuacha ni kazi. Ila akiacha, mwili unaanza kupata nafuu. Hapo hofu itapungua.

Mzee Kobe: Hiyo ya chupa sikuijua. Fimbo nimeirudisha darini.

MamaWawili: Ahsanteni. Chupa tumeifanya leo, sigara moja tu, pamba imekuwa kama imefutia meza ya mamantilie. Kaka nimemwambia asimtume tena, kanuna, lakini jioni kaenda dukani mwenyewe. Mtoto kamfuata mpaka getini na ile pamba mkononi: "Mjomba, na yako iko hivi?" Kaka kasimama pale muda mrefu. Sigara kanunua, ila kavutia barabarani.