Kivuli kinachoota majani: nianze na programu gani?

Swali
Wakuu, mimi ni mtu wa rangi na brashi. Nataka mtu akipita mbele ya ukuta, kivuli chake kiote majani. Nina projekta ya kuazima na kamera ya laptopu. Siku tatu niko na TouchDesigner, programu ya kutengeneza picha zinazoitikia watu papo hapo, macho yamevimba. Ning'ang'ane au nihame?

Jibu la 1
Ng'ang'ana. Toleo la bure linaishia pikseli 1280 kwa 1280, na kwa kazi yako linatosha. Nadhani umekimbilia majani mapema. Anza na kivuli: piga picha ya ukuta mtupu, halafu programu itoe tofauti kati ya picha hiyo na kinachoonekana sasa. Kinachobaki ni mtu.

Jibu la 2
Mimi ningehamia p5.js, zana ya kuchora kwa kuandika msimbo. Inafanya kazi ndani ya kivinjari, ni bure, na kwa mistari kumi tu ya msimbo unaona kitu kinacheza. Mama yake, Processing, yupo tangu 2001, mifano imejaa.

Muulizaji
Tofauti imekubali! Ila projekta ikiwaka, kamera inayaona majani kama mtu, yanaotesha majani mengine, ukuta wote msitu. (Kusema kweli ulipendeza.)

Jibu la 1
Hahaha! Kamera inatazama kazi yake yenyewe. Igeuze iwatazame watu, ukuta usionekane. Au tumia kamera na taa ya infraredi (mwanga ambao macho hayauoni), humo picha ya projekta karibu haionekani. Ya laptopu haifai, kwa kawaida ina kichujio kinachozuia mwanga huo. Ila huo msitu usiufute, uhifadhi kwanza.