Anime ya kulipia: Crunchyroll, HIDIVE au Netflix?

Mla_Muhogo (Minneapolis)
Wadau, wakubwa shikamooni. Nimetenga dola 15 kwa mwezi za anime (katuni za Kijapani), zisizidi. Netflix nilikuwa naangalia kwa akaunti ya shemeji, sasa nyumba mbili hazichangii tena bure. Nifungue yangu, au niende Crunchyroll, ya anime hasa? Na HIDIVE, nayo ya anime, vipi?

BintiKisauni
Kama huwezi kungoja, yaani episodi ikitoka Japani unataka uione siku hiyohiyo, nenda Crunchyroll. Ila bei! Mega Fan, mpango wake wa kati, ilikuwa dola 9.99 kwa mwezi, Mei 2024 ikawa 11.99 huko Marekani. HIDIVE wakati huo ilikuwa kama nusu ya hiyo, lakini ghala lake dogo. Ukishamaliza vitatu vinne unavyovipenda, unabaki kupekua menyu tu.

Fundi_Redio
Bei lazima ipande, mshindani si keshamezwa? Sony, kupitia Funimation, kampuni yake ya anime, aliinunua Crunchyroll kutoka kampuni ya simu ya AT&T kwa dola bilioni 1.175, ikakamilika Agosti 2021. Aprili 2024 Funimation nayo ikafungwa, na waliokuwa na nakala za dijitali walizopata kwa kununua diski wakaambiwa hazihamishiki. Usajili ni kupanga nyumba, ndugu yangu. Mwenye nyumba akiuza, wewe beba godoro.

(Na Crunchyroll hiyohiyo ilianza 2006 kwa video ambazo mashabiki walizipandisha bila ruhusa ya mtu!)

Kaka_wa_Flashi (Dar)
Mnajitesa. Mimi kibandani najaziwa sizoni nzima kwenye flashi kwa hela ya chapati. Kwani mkilipa, wale wachoraji wanaziona hizo dola?

Fundi_Redio
Swali zuri, na jibu halipendezi. Anime nyingi hugharimiwa na kamati: mchapishaji wa manga (vitabu vya katuni), kituo cha televisheni, kampuni ya muziki, mtengeneza midoli. Haki ni zao, na ada ya leseni inaishia kwao. Studio aghalabu hulipwa kiasi kilichopangwa mwanzoni. Kazi ikivuma dunia nzima haiongezewi kitu, isipokuwa nayo iliweka mtaji kwenye kamati. Netflix mara nyingine huiruka kamati na kwenda studio moja kwa moja, kama ilivyosaini na Production I.G na Bones mwaka 2018.

Lakini flashi yako hailipi hata kamati, na ni kamati inayoamua sizoni ya pili itengenezwe au la. Mwaka 2023 mapato ya anime nje ya Japani yalifika yen trilioni 1.72, yakapita ya ndani. Wakihesabu, wanahesabu wanaolipa.

BintiKisauni
Muhogo, turudi kwenye dola zako. Anime mpya huanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba, episodi 12 au 13 hivi. Ngoja sizoni iishe, lipia mwezi mmoja, zimalize zote. Kwa ile 11.99 ya 2024, mara nne kwa mwaka ni kama dola 48 badala ya 144. Zinazobaki weka HIDIVE au Netflix, mwezi mmoja mmoja. Na ukishalipa tu, kata usajili palepale. Utaangalia mpaka mwezi wako uishe.

Mla_Muhogo
Hesabu nimeikubali. Kazi ni kukaa miezi mitatu bila kusimuliwa mwisho na wanangu.

Kaka_wa_Flashi
Usije huku basi, sisi tumeshamaliza 😂