Korintho ya kale na ngome ya Acrocorinth: tuanzie wapi?

Swali
Ndugu zangu, tunatarajia kwenda Ugiriki kifamilia, na siku moja tungependa kuitenga kwa ajili ya magofu ya Korintho na ngome iliyo juu ya mlima wake. Tutafuatana na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua, pamoja na watoto wa shule ya msingi wasiotulia. Je, yote mawili yanawezekana kwa siku moja, na tutangulize lipi?

Jibu la kwanza
Yanawezekana. Tangulizeni ngome asubuhi na mapema, kwa kuwa kule juu kivuli ni haba. Mlima una kimo cha mita 575 hivi, lakini gari hufika karibu na lango la kwanza. Malango yako matatu, moja baada ya jingine, na mkitazama kuta zake kwa makini mtaona jinsi Wabizanti (watu wa Dola ya Kirumi ya Mashariki), Wafaranki wa Ulaya Magharibi, Wavenisi wa Italia na Waturuki walivyopokezana ngome hiyo, kila mmoja akiendeleza kazi aliyoikuta. Mawe ya njia yamelainika kwa kukanyagwa na yanateleza. Kwa hakika mama asiyapande.

Jibu la pili
Naunga mkono, ila naomba msiyafanye magofu ya chini kuwa nyongeza tu, kwani huko ndiko mama atakakofaidi. Hekalu la Apollo, la karne ya 6 KK, limebakiwa na nguzo saba, na kila nguzo ilichongwa katika jiwe moja zima, ilhali mahekalu mengi ya Kigiriki yana nguzo za vipande vilivyopandanishwa. Sehemu kubwa ya magofu mengine ni ya Kirumi, kwa sababu Warumi waliuangamiza mji mwaka 146 KK, na Julius Caesar akauanzisha upya mwaka 44 KK. Ikiwa mama ni msomaji wa Biblia, mwonyesheni jukwaa la mawe linalohusishwa na kiti cha hukumu, ambako Paulo alishtakiwa mbele ya Galio, liwali wa Kirumi (Matendo 18).

Muulizaji
Nashukuru sana. Basi mmoja wetu atabaki chini na mama. Watoto je, watapata cha kuwavutia huko kileleni?

Jibu la kwanza
Watapata. Kileleni palikuwa na hekalu la Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi wa Wagiriki, na hewa ikiwa safi huonekana ghuba mbili, moja kila upande wa shingo ya nchi kavu. Waelezeni kwamba hapo kale meli zilivutwa nchi kavu kutoka bahari moja hadi nyingine, nao wataelewa wenyewe utajiri wa Korintho ulitoka wapi. Muwashike mikono tu, maana sehemu nyingi za kuta hazina kizuizi.