Barua za mirathi zinajijaza zenyewe, sasa nimemkosea mjane: nipangeje jedwali?

Karani wa Tanga:
Wakuu, habari za leo. Mimi ni karani kwenye ofisi ya wakili hapa Tanga, huu mwaka wa saba, na mafaili yangu mengi ni ya mirathi. Msimamizi wa mirathi akishapata hati yake ya uteuzi mahakamani, kinachofuata ni kilekile: barua kwa benki kuuliza salio, kwa mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa mwajiri, kwa ofisi ya ardhi, halafu kwa warithi waje tuorodheshe mali. Kinachobadilika ni majina, namba ya shauri na tarehe.

Zamani nilikuwa nafungua barua ya nyuma na kufuta jina la marehemu wa mwanzo. Siku moja jina likabaki aya ya tatu, benki ikairudisha barua. Nikahamia Word na Excel, kila faili mstari mmoja wa jedwali, barua zinajijaza. Kazi ya siku nzima ikawa ya saa moja.

Mwezi uliopita kijana wa mteja wetu akaja na barua mkononi. Tulimwandikia mama yake: "Unatakiwa kufika ofisini ndani ya siku saba." Mama yuko eda, amekaa ndani baada ya kufiwa na mumewe. Kijana hakupandisha sauti, aliiweka mezani akasema, "Mama amelia." Niliichapa mimi, pamoja na nyingine kumi na moja asubuhi ileile, na sikusoma hata moja. Jioni nilikwenda kwao kumwomba radhi, akanipokea vizuri kuliko nilivyostahili.

Sitaki kurudi kwenye kufutafuta. Ila jambo hili lisijirudie. Nyie mnapangaje?

Mama Faili:
Pole, mdogo wangu. Ongeza safu ya "eda inaisha lini", lakini usiiache Excel ikuhesabie. Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi kwa mwezi mwandamo, kwa hiyo ukihesabu kwa kalenda ya ukutani utapitiliza siku kadhaa. Na mjane mjamzito, hesabu yake ni nyingine. Waulize wenyewe siku ya kwanza wanayofungua faili, uandike tarehe watakayokutajia.

Wakili Moro:
Mimi nakuongezea la majina, maana benki itakurudishia tena. Hati imeandika Omari, akaunti imeandika Omary, cheti cha kifo kina majina mawili na kitambulisho kina matatu. Ukiwa na safu moja tu ya "jina la marehemu", jedwali litamwaga jina lilelile kila mahali. Weka safu tatu: kwenye hati, kwenye cheti cha kifo, kwenye akaunti. Zikitofautiana, barua ya benki isitoke mpaka kiapo cha majina, kwamba yote ni ya mtu mmoja, kiambatanishwe.

Halafu safu ya mahakama. Ofisini kwetu tuliweka ukumbusho wa miezi minne wa kupeleka orodha ya mali mahakamani kwa mafaili yote, tukawa tunawatisha wateja bure. Miezi minne ni ya Mahakama ya Mwanzo, kwa kanuni za 1971, msimamizi apeleke Fomu Na. V, yaani orodha ya mali na madeni ya marehemu. Aliyeteuliwa Mahakama Kuu yuko chini ya sheria ya usimamizi wa mirathi, Sura ya 352, kifungu cha 107: orodha ya mali ndani ya miezi sita, hesabu ndani ya mwaka mmoja.

Karani wa Tanga:
Asanteni sana. Safu za majina nimeziweka jana, na katika mafaili 23 yaliyo wazi nimekuta tisa yenye majina yasiyolingana. Tisa! Hizo barua zingekwenda zote.

Mama Faili, la eda nimelifanya, ila nimekwenda mbele kidogo. Barua za benki, mifuko na ardhi zibaki kwenye jedwali. Za wajane na wagane nimezitoa kabisa. Nimemwomba wakili wangu tusiwaandikie "unatakiwa", tuwapigie simu kwanza kupitia mtu wa nyumbani, na kama kuna karatasi ya kusainiwa mimi niwapelekee. Aliuliza nauli ya bodaboda itatoka wapi, nikamwambia itoke kwenye muda tuliookoa. Amekubali.

Kesho naenda Pongwe na Chumbageni, fomu mbili.